Kuchora Ramani ya Hidrojeni ya Ulimwengu wa Mbali kwa Spektra za Galaksi: Mwongozo Kamili

Ramani nyingi za kwanza hufanana. Zina milia mirefu inayokimbia upande mmoja tu, kutoka kwa mtazamaji kwenda mbali, kama mvua ya upepo. Aliyeichora hudhani ameziona nyuzi za utando mkuu wa ulimwengu. Kumbe ameyachora makosa ya hesabu yake mwenyewe.

Akishaambiwa hivyo, hurudi kwenye hatua ya mwisho ya uchoraji, akabadili vigezo vya kichujio (hesabu inayojaza nafasi zilizo wazi kati ya vipimo) na kuchora upya. Milia iko palepale. Anabadili tena, na tena. Tatizo halipo huko kabisa. Liko hatua nne nyuma, pale alipokadiria mwanga wa galaksi kabla haujaliwa na gesi. Kwa hiyo hatua ya 3 hapa chini ni ndefu kuliko zote. Ukiwa na haraka, ruka nyingine yoyote, ile usiiruke.

## Tunachokifanya, kwa maneno machache

Atomu ya hidrojeni isiyo na chaji humeza mwanga wenye urefu wa wimbi wa angstromu 1215.67 (Å). Mstari huo huitwa Lyman-alfa. Mwanga wa galaksi ya mbali hutanuka njiani kadiri ulimwengu unavyotanuka, kwa hiyo kila wingu la gesi linaloupitisha huung'ata mahali tofauti: pale ambapo, wakati huo, wimbi lilikuwa limefikia 1215.67. Mwanga ukitufikia una mapengo mengi yaliyopangana, nayo ndiyo huitwa msitu wa Lyman-alfa.

Shika jambo hili moja, maana wengi hulipoteza katikati ya kazi: galaksi ni taa tu. Tunachokitafuta kiko kati yetu na taa. Mahali pa gesi hatupatiwi na umbali wa galaksi, hupatikana kwa kugawa urefu wa wimbi wa pengo kwa 1215.67 na kutoa 1. Jibu hilo huitwa mhamo mwekundu: kipimo cha mwanga ulivyotanuka njiani, namba kubwa ikimaanisha mbali zaidi. Pengo likiwa kwenye 4012 Å, gesi iko kwenye mhamo mwekundu wa 2.30, hata kama taa yenyewe iko kwenye 2.6 au 2.8.

Gesi hii karibu yote imeshapoteza elektroni zake. Iliyobaki nzima ni kama atomu moja kati ya laki moja, na hiyo inatosha kuacha alama.

Kila taa hutupa uzi mmoja wa taarifa. Kwasari, yaani vitovu vya galaksi vinavyong'aa kupindukia, hung'aa sana lakini ni chache, nyuzi zake ziko mbalimbali mno. Galaksi za kawaida ni hafifu lakini ni nyingi, na nyuzi zikikaribiana vya kutosha tunaweza kukisia kilichomo katikati yake. Hapo ndipo ramani ya pande tatu inapozaliwa.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

Spektra zenyewe, yaani mwanga wa kila galaksi uliotawanywa kwa urefu wa wimbi. Huna haja ya darubini yako. Mradi wa CLAMATO ulitumia darubini ya Keck I iliyoko Mauna Kea, Hawaii, na spektrografu yake ya LRIS, kutazama eneo la anga liitwalo COSMOS. Toleo lake la kwanza, la mwaka 2018, lina galaksi na kwasari 240 kwenye eneo la digrii za mraba kama 0.157, na linafunika gesi iliyoko kati ya mhamo mwekundu wa 2.05 na 2.55. Data zake zinapakuliwa bure kutoka Zenodo, ghala la data la mtandaoni. Mifano yangu inafuata vipimo vya mradi huo.

Safu ya kelele kwa kila spektra. Kila pikseli lazima ije na kadirio la kelele yake. Spektra isiyo na safu hiyo iache pembeni. Kichujio cha hatua ya 7 hakina njia ya kujua kipi cha kuamini bila hiyo.

Mhamo mwekundu wa kila taa, ili ujue msitu wake unaanzia na kuishia wapi.

Kiolezo cha spektra ya wastani ya galaksi za aina hii, kinachofika angalau kutoka 1000 hadi 1500 Å katika mizani ya galaksi yenyewe, yaani mawimbi yalivyokuwa kabla ya kutanuka njiani.

Python pamoja na numpy, scipy na astropy. Kwa kichujio, ipo programu ya wazi iitwayo Dachshund iliyoandikwa kwa kazi hii hii. Lakini mara ya kwanza nakushauri ukiandike mwenyewe, ni mistari michache tu, na utaelewa kinachoendelea ndani.

Orodha ya pembeni ya galaksi za eneo hilohilo zenye mhamo mwekundu uliopimwa vizuri. Hii hutaigusa hadi hatua ya 8. Kwa COSMOS, vipimo vya mradi wa MOSDEF ni vizuri kwa sababu vimetokana na mistari ya gesi inayong'aa katika mwanga wa infraredi.

Kama unapanga kutazama anga mwenyewe, kumbuka mambo mawili: angahewa huzuia mwanga ulio chini ya takriban 3200 Å, ndiyo maana kazi hii kutoka ardhini huanzia kwenye mhamo mwekundu wa karibu 2, na galaksi zinazohitajika ni hafifu, za ukubwa wa 24 hadi 25 (kipimo cha mwangaza ambacho namba ikipanda, mwanga hupungua), kwa hiyo darubini ndogo haitoshi.

## Hatua ya 1: Chagua taa, kisha kata kipande cha msitu

Kwa kila galaksi, bakiza sehemu ya spektra iliyo kati ya 1040 na 1195 Å katika mizani ya galaksi. Nyingine weka kando.

Kwa nini usishuke chini ya 1040? Kwa sababu kwenye 1025.72 Å kuna mstari wa pili wa hidrojeni, Lyman-beta. Chini yake, pengo moja linaweza kuwa limetokana na gesi ya umbali huu au wa ule, na huna namna ya kuyatenganisha. Kwa nini usipande juu ya 1195? Kwa sababu huko unaikaribia gesi ya galaksi yenyewe na upepo wake, na sisi tunataka gesi ya njiani.

Tufanye mfano mmoja kwa ukaribu. Galaksi iko kwenye mhamo mwekundu wa 2.6. Zidisha mipaka yote miwili kwa 3.6: kipande chako kinaanzia 3744 Å na kuishia 4302 Å kwenye kifaa. Gawa kwa 1215.67 na utoe 1: uzi huu unapita kwenye gesi iliyoko kati ya 2.08 na 2.54. Huo ni urefu wa megaparseki kama 400 (megaparseki moja ni miaka-nuru milioni 3.26), tukitumia kizio cha Mpc/h ambacho wana fani hii hukitumia ili kukwepa ubishi wa kasi ya utanukaji.

Usiwe mchaguzi kupita kiasi. Wanaoanza hutupa spektra yoyote inayoonekana chafu wakabaki na thelathini nzuri. Kwenye ramani, wingi wa nyuzi unashinda uzuri wa kila uzi. Spektra ambayo ishara yake ni mara moja na nusu tu ya kelele kwa kila angstromu bado ina kazi.

*Imefaulu ikiwa:* unaweza kusema nyuzi zako ziko umbali gani wao kwa wao. Kwenye mhamo mwekundu wa 2.3, dakika moja ya tao angani ni kama Mpc/h 1.1. CLAMATO ilifikia wastani wa Mpc/h 2.4 hivi. Na usihesabu taa zote kwa pamoja. Hesabu zile tu ambazo kipande chake kinapita kwenye umbali unaoupima.

## Hatua ya 2: Hakikisha mizani ya mawimbi ni ya ombwe

Ile 1215.67 ni thamani ya ombwe. Spektra nyingi za darubini za ardhini hupangiliwa kwa mawimbi ya hewani. Kwenye 4000 Å, tofauti ni Å 1.1 hivi.

Inaonekana ndogo, sivyo? Kwenye mhamo mwekundu wa 2.3, angstromu moja ni kama Mpc/h 0.7. Ukisahau kubadilisha, gesi yako yote inasogea karibu nasi kwa Mpc/h 0.8. Ubaya ni kwamba ramani itaonekana safi kabisa. Kosa hili halina dalili hadi ulinganishe na kitu cha nje.

Mimi niliwahi kuchanganya spektra za vyanzo viwili, kimoja cha hewani na kingine cha ombwe, bila kusoma vichwa vya faili. Nyuzi jirani zikawa hazikubaliani, kila umbo kwenye ramani likawa limepakaa kama wino uliomwagikiwa maji. Nilipoteza wiki mbili nikikilaumu kichujio.

*Imefaulu ikiwa:* umefungua kichwa cha kila faili, umeona imeandikwa hewa au ombwe, na umebadilisha panapohitajika. Usikisie.

## Hatua ya 3: Kadiria mwanga asilia wa galaksi

Hapa ndipo wengi huangukia, na hapa ndipo milia inapozaliwa.

Mwanga asilia ni ule ambao ungetufikia kama njiani kusingekuwa na gesi. Hatuuoni popote, tunaukadiria tu. Tukigawa mwanga tulioupima kwa mwanga asilia, tunapata sehemu iliyopenya, tuiite F. Gesi yote tutakayoichora imo ndani ya mgawanyo huo mmoja.

Sasa tazama kosa la asilimia 10 linavyofanya kazi. Sema sehemu ya kweli iliyopenya kwa wastani ni 0.82. Wewe umekadiria mwanga asilia juu zaidi kwa asilimia 10, kwa hiyo unapata 0.745. Ramani itaona upungufu wa asilimia 9, na upungufu huo utakuwepo kwenye kila pikseli ya uzi huo, mwanzo hadi mwisho. Umeunda gogo la hidrojeni lenye urefu wa Mpc/h 400. Uzi wa jirani ukikosea upande mwingine, unaunda tundu la urefu uleule. Weka nyuzi mia mbili za namna hiyo bega kwa bega. Ndiyo ile mvua ya upepo.

### Usifanye haya mawili

Usichore mwanga asilia kwa jicho, kwa kupita juu ya vilele vya msitu. Njia hiyo inafaa kwa kwasari angavu zilizopimwa na kifaa chenye uwezo mkubwa wa kutenganisha mawimbi. Spektra zetu zinapakaa kila kitu kwenye upana wa Å 4 hivi, kwa hiyo hata vilele vimeshamezwa kidogo, na wakati huohuo kelele inavisukuma vingine juu. Unachokigusa kwa jicho siyo mwanga asilia.

Usitumie pia mchirizo wenye mikunjo mingi ya kihesabu. Kundi changa la galaksi lenye upana wa Mpc/h 15 linachukua Å 21 tu za spektra yako. Mchirizo unaojikunja kwa uhuru utalifuata bonde hilo, utaliita sehemu ya galaksi, na utalifuta. Utakuwa umeitupa ile hasa uliyokuja kuitafuta.

### Fanya hivi

1. Chukua kiolezo, kitanue kwa mhamo mwekundu wa galaksi.
2. Kipandishe au kishushe hadi kilingane na spektra upande mwekundu wa Lyman-alfa, mahali pasipo na mistari mikubwa ya metali (elementi zote nzito kuliko heli). Kati ya 1430 na 1500 Å panafaa.
3. Ingia kwenye msitu. Zidisha kiolezo kwa mstari ulionyooka, wenye vigezo viwili tu: kimo na mwinamo.
4. Chagua kimo na mwinamo ambao utaifanya F ya wastani kwenye uzi huo iwe sawa na wastani wa ulimwengu kwa umbali huo.

Wastani wa ulimwengu tunaujua kutokana na kwasari nyingi zilizopimwa kwa ubora. Fomula inayotumika sana, iliyochapishwa mwaka 2008, inasema F ya wastani ni sawa na exp[−0.0018 × (1+z)^3.92], z ikiwa mhamo mwekundu wa gesi. Kwenye 2.3 inatoa 0.82, na kwenye 2.5 inatoa 0.78. Zijue namba hizo mbili kwa kichwa, zitakukamatia makosa mengi.

Utauliza: si tunalazimisha jibu? Kwa kiasi, ndiyo. Tunaufuta mtikisiko wowote mrefu kuliko uzi mzima. Lakini mitikisiko ya urefu huo ni midogo mno ulimwenguni, na maumbo tunayoyatafuta ni ya Mpc/h chache hadi makumi. Ni biashara yenye faida.

*Imefaulu ikiwa:* ukizipanga F zote za galaksi zote kwa mizani ya galaksi na kuchukua wastani, unapata mstari uliotulia, usio na kilima mahali popote. Kipimo hiki nakipenda kuliko vingine. Gesi ya njiani haijui taa iko wapi, kwa hiyo kilima kikitokea, tuseme kwenye 1120 Å ya galaksi, hakiwezi kuwa cha gesi. Ni kiolezo chako kimekosea. Kirekebishe, rudia, na usisonge mbele hadi kitulie.

## Hatua ya 4: Ziba pikseli zisizo za gesi ya njiani

Ndani ya kipande chako galaksi yenyewe ina mistari yake. Iliyo muhimu ni ya naitrojeni kwenye 1084.0 na 1134.4 Å, na ya kaboni kwenye 1175.7 Å. Ondoa Å 5 kila upande wa kila mmoja, kwa mizani ya galaksi.

Ondoa pia mabonde mapana yaliyofika chini kabisa, ya gesi nzito yenye atomu 2×10^20 au zaidi kwa kila sentimita ya mraba. Bonde moja la namna hiyo ni gesi ya galaksi moja iliyokutwa njiani, lakini kwenye ramani litajifanya kundi zima. Angalia vilevile mabaki ya mwanga wa anga, hasa mstari wa taa za zebaki kwenye 4358 Å.

Onyo: kuziba ni kuitoa pikseli kwenye orodha. Usiijaze sifuri. Sifuri ni kipimo, kichujio kitaiamini.

## Hatua ya 5: Geuza mwanga kuwa mtikisiko

Kwa kila pikseli iliyobaki, hesabu δ = F ÷ F ya wastani, kisha toa 1. Tumia wastani wa umbali wa pikseli hiyo, siyo wa galaksi.

Hapa alama inawachanganya watu: δ hasi ni gesi nyingi, δ chanya ni gesi chache. Andika kwenye karatasi na uibandike ukutani. Nimeona michoro mizuri ikielezea makundi ya galaksi mahali palipokuwa na uwazi mtupu.

Kelele nayo igawe vivyo hivyo, kisha iongezee shaka ya mwanga asilia, asilimia 10 kwa mfano, kwa kujumlisha miraba yake. Halafu weka sakafu: pikseli yoyote isiruhusiwe kudai kelele iliyo chini ya 0.2. Bila sakafu, kwasari moja angavu itaitawala kona nzima ya ramani, na majirani zake kumi hawatasikika.

*Imefaulu ikiwa:* wastani wa δ zote uko karibu sana na sifuri. Ukiwa −0.1, rudi hatua ya 3.

## Hatua ya 6: Zipeleke pikseli kwenye mizani ya pande tatu

Kwa umbali wa kwenda mbele, tumia umbali ulioondolewa athari ya utanukaji wa ulimwengu (comoving distance) unaotolewa na astropy kwa kila pikseli. Kwa kwenda kando, zidisha tofauti za pembe kwa umbali wa katikati ya ramani, wa mhamo mwekundu 2.3. Kwa kufanya hivyo tunazichukulia nyuzi kuwa sambamba, ingawa kwa kweli zinatawanyika kidogo. Kwenye ramani ya upana wa Mpc/h 30, kosa la ukingoni halifiki Mpc/h 1, linavumilika.

Tofauti za longitudo za anga lazima zizidishwe kwa kosaini ya latitudo. COSMOS iko digrii 2 tu na kidogo kutoka ikweta ya anga, kosaini yake ni 0.999, kwa hiyo anayesahau haoni madhara yoyote. Kisha anaipeleka programu ileile kwenye eneo la digrii 40 na ramani inavutika kando kwa asilimia 30.

## Hatua ya 7: Kichujio cha Wiener

Sasa una maelfu ya pikseli zilizopangwa kwenye nyuzi, na kati ya nyuzi hakuna kitu. Kichujio cha Wiener hujaza mapengo hayo kwa kuuliza maswali mawili kuhusu kila pikseli: iko umbali gani kutoka hapa, na ina kelele kiasi gani? Ya karibu na safi inasikilizwa sana, ya mbali na chafu inasikilizwa kidogo.

Kwa fomula: ramani = C(ramani, data) × [C(data, data) + N]⁻¹ × δ. N ni matriksi ya kelele, yenye miraba ya kelele kwenye ulalo. C ni matarajio yetu kuhusu jinsi sehemu mbili zinavyofanana, na huchukuliwa kuwa 0.05 ikizidishwa kwa kengele mbili za Gauss: moja ya kando yenye urefu wa Mpc/h 2.5, na moja ya mbele yenye urefu wa Mpc/h 2.0. Hizo ndizo thamani za CLAMATO.

Urefu wa kando usiupange kwa kupenda mwonekano. Uwe sawa na umbali kati ya nyuzi zako. Ukiuweka 1 wakati nyuzi ziko mbali kwa 2.4, utapata shanga zilizotungwa kwenye kila uzi na giza katikati. Ukiuweka 6, kila kitu kitakuwa ukungu, na ukungu una tabia ya kupendeza macho, ndiyo hatari yake.

### Kumbukumbu ya kompyuta

Pikseli zikiwa 64,000, matriksi ya C pekee inachukua GB 33 hivi. Kompyuta mpakato itagoma. Una njia mbili. Ya kwanza, usiihifadhi matriksi. Hesabu safu zake unapozihitaji na utatue mlinganyo kwa mbinu ya gradienti shirika, inayokaribia jibu hatua kwa hatua. Ya pili, ambayo ndiyo nakushauri uanze nayo, kata kona yenye nyuzi 20 hivi. Matriksi yake haifiki GB 1. Wala usione ni ndogo mno: ramani ya kwanza kabisa ya aina hii, iliyochapishwa mwaka 2014, ilitumia galaksi 24.

Njia yoyote utakayochagua, usikokotoe kinyume cha matriksi. Tatua mlinganyo moja kwa moja. Ni haraka zaidi, na makosa ya desimali hayakui.

Gridi ya vijisanduku vya Mpc/h 0.5 inatosha. Ramani ya CLAMATO ya 2018 ilikuwa ya Mpc/h 30 kwa 24 kwa 438: kitu kirefu na chembamba kama rula. Usishangae yako ikitoka hivyo.

*Imefaulu ikiwa:* maumbo yanavuka kutoka uzi hadi uzi bila kujali nyuzi ziko wapi, na hayana upande yanaoupendelea. Na usisahau hili: mahali pasipo na uzi, kichujio hurudi kwenye sifuri. Sifuri hiyo maana yake ni "sina taarifa". Haimaanishi gesi ya hapo ni ya wastani.

## Hatua ya 8: Ijaribu ramani kabla hujaiamini

Vuruga nyuzi. Zibadilishie nyuzi nafasi zake angani kwa bahati nasibu, chora upya. Maumbo makubwa yanapaswa kuvunjika. Yakibaki vilevile, hayakuwa ya anga.

Gawa nusu. Chora ramani mbili, kila moja kwa nusu ya nyuzi. Zitakuwa na ukungu zaidi, lakini mabonde makuu yakae palepale.

Weka galaksi juu yake. Sasa fungua ile orodha ya pembeni. Soma δ mahali penye kila galaksi, kisha linganisha na δ za mahali popote. Mgawanyo wa galaksi uelemee upande hasi. Hapa ndipo kosa la hewa na ombwe hujitokeza.

Kwa jaribio hili usitumie galaksi ambazo mhamo wake mwekundu umepimwa kwa mstari wa Lyman-alfa unaong'aa. Mstari huo husukumwa na upepo wa galaksi kwa kilomita mia kadhaa kwa sekunde. Kilomita 300 kwa sekunde, kwenye 2.3, ni karibu Mpc/h 3, upana mzima wa maelezo madogo kabisa kwenye ramani yako.

Tafuta kinachojulikana. Ndani ya COSMOS, kwenye mhamo mwekundu wa karibu 2.45, kuna mkusanyiko mkubwa sana wa makundi machanga ya galaksi ulioitwa Hyperion mwaka 2018. Kwenye spektra, hapo ni karibu na 4194 Å. Kama kona yako inalifunika eneo hilo na hakuna kitu, rudi nyuma.

## Hatua ya 9: Kuisoma

Kwa makundi machanga, lainisha ramani kwa kengele ya Gauss ya Mpc/h 4, kisha tafuta mabonde yaliyozidi mara tatu ya mtawanyiko wa kawaida wa ramani. Kwa maeneo matupu fanya kinyume: tafuta duara zenye δ chanya ndani yake. Usitafsiri umbo lolote dogo kuliko umbali kati ya nyuzi, na usiziite thamani za δ msongamano. Uhusiano wake na msongamano umepinda, na sehemu zenye joto kali huvuruga hesabu.

Na ukikuta bonde kubwa lisilo na galaksi nyingi ndani yake, usilifute kwa haraka. Mradi wa LATIS, uliotumia darubini ya Magellan Baade huko Las Campanas, Chile, uliripoti mwaka 2022 kwamba baadhi ya mabonde yenye hidrojeni nyingi zaidi yalikuwa na galaksi angavu chache kuliko ilivyotarajiwa. Pitia majaribio mawili ya kwanza ya hatua ya 8 kwa bonde hilo peke yake. Likiyavuka yote mawili, liache kwenye ramani.

Unapohifadhi, weka faili tatu pamoja: ramani, orodha ya nyuzi na nafasi zake, na gridi ya pili inayoonyesha kila kijisanduku kiko umbali gani kutoka uzi wa karibu. Bila hiyo ya tatu, atakayeifungua ramani yako hawezi kujua sifuri ipi ni kipimo na ipi ni ukimya.